Nilimsomea Hitima, Akarudi Kumdai Mwanangu

Juma lililopita niliwaacha mlangoni kwangu, Ufukoni, randa iko mkononi, na mbele yangu amesimama mtu niliyemsomea hitima.

Kwa aliyekosa gazeti lile, nieleze kwa ufupi. Jina langu ni Alawi. Ni mtu wa Mikindani, seremala katika kazi ya gati jipya hapa Mtwara. Mwaka 1950 nilimwoa Somoe, mjane wa Mtawanya. Mumewe wa kwanza, Mussa, alikuwa mkulima wa mihogo na mikorosho. Mwaka 1948 alivuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kutafuta kibarua kwa Wareno. Mtumbwi ukapinduka katikati ya mto. Mwenzake, Issa, akarudi na shati la Mussa na habari kwamba mamba amemchukua.

Issa aliapa mbele ya kadhi. Mtu mwingine aliyekuwa ukingoni akaapa pia. Watu wakasoma hitima, nami nilikuwemo, kwa sababu siku zile nilikuwa Mtawanya nikitia milango katika nyumba ya jirani yao. Somoe akakaa eda ya kufiwa mpaka ikaisha. Siku nilipokwenda kuposa, niliposa mjane, mchana kweupe, mbele ya wazee wake.

Mwaka uliofuata ndoa tukapata binti. Nikampa jina la marehemu mama yangu, Mwanaamina.

Na sasa ni mwaka 1953, na marehemu ameegemea fimbo mlangoni kwangu, ananitolea salamu.

Niliitikia. Ningefanya nini?

Hakupiga kelele. Hakunishika shati. Aliomba maji ya kunywa. Somoe alitoka uani na kata ya maji, akamwona, akaiweka kata chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa, kisha akakaa palepale sakafuni na kujifunika kanga usoni.

Mtoto ndiye aliyemsogelea. Mwanaamina alikuwa na miaka miwili wakati ule, na kitu chochote kipya lazima akishike. Akaishika ile fimbo.

Niliiokota kata nikampa Mussa; akanywa, akaniuliza huyu ni nani.

"Ni mwanangu," nikasema.

Alimtazama mtoto muda mrefu sana. Midomo yake ilikuwa ikicheza, kama mtu anayefanya hesabu bila sauti. Kisha akanirudishia kata, akashukuru kwa maji, akasema tutaonana kwa kadhi.

Usiku ule sikulala, wala sikumfikiria mtoto hata kidogo. Nilimfikiria mke. Nilijua mume akirudi hai, ndoa ya pili imeanguka. Kaka yangu Thabiti, ambaye amesoma vyuo vya dini kuliko mimi, alinieleza hivyo asubuhi bila kunificha. Alisema mimi na Somoe hatuna dhambi, kwa kuwa hatukujua. Lakini Somoe ni mke wa Mussa, na tangu Mussa atie mguu nchi hii, mimi ni mtu baki kwake.

Nilikwenda Mikindani nimejiandaa kugombea mke. Mambo ya mtoto sikuyaandaa, kwa sababu nani anajiandaa kugombea kitu ambacho hakuna anayekidai?

Baraza lilijaa. Habari ya mtu aliyetoka tumboni mwa mamba ilikuwa imeenea mpaka Mtwara mjini. Kadhi alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia. Alianza na yale niliyoyatarajia. Issa aliapa alichokiona na hakusema uongo. Ndoa yangu ilifungwa kwa nia njema, lakini haipo. Somoe arudi kwa mama yake, Bi Fatuma, huko Mtawanya, pamoja na mtoto, mpaka shauri liishe. Mimi nisikanyage huko. Mussa kwao ni hapohapo Mtawanya, na mke ni wake, hivyo yeye hakukatazwa.

Kisha kadhi akasema, kama mtu anayefunga jambo jepesi kabla ya kuondoka:

"Na mtoto, Bwana Mussa, bila shaka huna dai juu yake."

Mussa akasimama kwa taabu, fimbo mbele.

"Ninalo, Sheikh. Mtoto ni wangu. Mimba ililala."

Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Kisha tukaona kadhi hacheki, na vicheko vikakatika kimoja kimoja mpaka nikabaki peke yangu nimeacha mdomo wazi.

Hakuna nyumba ya pwani hii isiyo na shangazi anayejua habari ya mimba iliyolala. Mwanamke anashika mimba, mume anasafiri, mimba inapatwa na huzuni au inafungwa na mtu mbaya, inalala tumboni mwaka, miaka, kisha inaamka na kukua kama kawaida. Nilikuwa nikiyasikia haya tangu utoto na kuyaweka pamoja na hadithi za majini.

Kadhi hakuyaweka huko. Alisema katika madhehebu yetu mimba inaweza kukaa mpaka miaka minne. Mussa aliondoka mwaka arobaini na nane, mtoto alizaliwa mwaka hamsini na moja. Yumo ndani ya muda. Mtoto ni wa kitanda, yaani wa mwenye ndoa, na kitanda cha Somoe, kumbe, muda wote kilikuwa cha Mussa.

Nilisimama nikasema nami ninakiri. Nilisema mbele ya watu wote kwamba Mwanaamina ni mwanangu, damu yangu, na kila mtu Ufukoni anajua.

Hapo ndipo nilipofundishwa namna baba anavyokuwa baba kwa sheria. Kadhi alinieleza kwa utaratibu. Mtu mwenye akili timamu akisimama mbele ya mashahidi na kusema huyu ni mwanangu, na umri wao ukikubali, na mtoto akiwa hana baba mwingine anayejulikana, maneno yale yanatosha. Huhitaji kuthibitisha zaidi. Hiyo ndiyo ikrari, na ikishatoka mdomoni hairudishwi. Lakini mimi sikuwa nimemkuta mtoto asiye na baba. Mbele yangu alikuwa amesimama mwenye kitanda, na anakiri pia.

Nikauliza, je, mama yake hasemi?

Somoe alikuwa amekaa nyuma kwenye mkeka, karibu na Bi Fatuma, mtoto amelala mapajani. Alijibu kabla hajaulizwa.

"Ni wa Alawi. Mimi ndiye niliyembeba, najua nilimbeba lini."

Kadhi alimjibu kwa upole kwamba neno lake limesikika, ila neno la mama halivunji kitanda cha mume. Kama wanaume wawili tutashikilia madai yetu, na yeye hana njia ya kutupambanua, basi mtoto atakaa bila baba mpaka afike umri wa kujua mambo, ndipo achague mwenyewe. Mpaka siku hiyo hatakuwa na ubini. Akifa mmoja wetu, hatarithi. Watu wakimwuliza binti nani, atanyamaza.

Akatuambia twende tukafikiri, turudi mwezi mwingine ukiandama.

Nilirudi kazini. Mchana nilipiga randa, jioni niliingia katika nyumba ambayo hata sauti ya kikohozi haimo. Jirani mmoja aliniuliza kwa mzaha kama kweli mimba ya mkewe naye inaweza kulala, maana ana safari ya Lindi. Baada ya hapo nikawa napita njia ya nyuma.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wametoka, Mussa akaja kwenye banda letu la useremala. Alibeba makopa kwenye kikapu, mihogo mikavu mizuri ya Mtawanya, akaniwekea juu ya meza kama mgeni anayekwenda kwa ndugu. Kisha akakaa juu ya maranda ya mbao, mguu mmoja ameunyoosha.

Nilimwambia achukue makopa yake.

Akaniomba nimsikilize kwanza, halafu nikitaka nimfukuze.

Alinieleza habari yake. Mamba alirarua shati tu, likabaki likielea. Mkondo ulimtupa ng'ambo, upande wa Wareno, na kabla hajapata nguvu ya kusimama, askari wakamkuta hana kibali wala mtu anayemjua. Wakampeleka kwenye kazi ya lazima, kukata magogo ndani sana, mahali ambapo mtu hatoroki kwa sababu hajui atorokee wapi. Alikaa huko miaka. Siku moja gogo lilibingirika likampita kiunoni. Wamisheni ndio waliomtibu mpaka akatembea tena.

Hapo akaokota kipande cha maranda akawa anakikunjua.

"Nitakwambia neno ambalo sijamwambia hata ndugu yangu," akasema. "Uniahidi litabaki hapa."

Niliahidi. Nilikuwa na hasira naye, lakini niliahidi, kwa sababu mtu aliyekaa chini na mguu wake mbovu akikuomba ahadi, mdomo unajibu wenyewe.

Akaniambia lile gogo lilimwachia nini. Hawezi tena kuwa mume kwa mwanamke. Daktari wa misheni alimweleza waziwazi. Mtoto hatapata, leo wala kesho.

"Nilikuwa nimekubali," akasema. "Nilitembea kutoka huko nikisema, mradi nimwone Somoe. Nikafika kwako, nikamwona yule mtoto ameshika fimbo yangu. Nikahesabu. Nikaona anaingia ndani ya muda."

Nikamwuliza kama kweli anaamini habari ya mimba kulala.

"Wewe unaniuliza kama naamini? Mimi najua ni wako, Bwana Alawi. Nina macho. Lakini nikifa hakuna atakayesema baba yangu amekufa. Nataka mmoja tu wa kusema hivyo."



Ndipo akatoa shauri lake. Yeye hana kazi na mke tena, na Somoe naye hamtaki yeye. Atamwacha. Eda ikiisha nimwoe upya, ndoa safi isiyo na neno. Mtoto aishi kwangu, ale kwangu, anililie mimi usiku. Yeye anataka jina tu. Mwanaamina binti Mussa. Nikikataa, nikishikilia dai langu, yeye hatoi talaka maisha yake yote, na kadhi hana sababu ya kumlazimisha. Nitakuwa na dai juu ya mtoto asiye na ubini, na mke wa watu asiyeweza kuingia kwangu.

Alinyanyuka kwa kushika meza yangu. Makopa akayaacha.

Nilikwenda kwa Thabiti. Sikumweleza habari ya gogo, nilimweleza masharti tu. Kaka alisema nikubali na nimshukuru Mungu. Mtoto atalala kwako, atakuita baba, unataka nini zaidi? Jina ni neno la barazani. Nami nililitamani sana jibu hilo, hata sikuligeuza kuliangalia upande wa pili.

Kitu kimoja sikukifanya. Sikumwuliza Somoe.

Nilikatazwa kwenda Mtawanya, hiyo ni kweli. Lakini mke wa Thabiti alikuwa akienda huko kila mara kununua korosho, ningeweza kumtuma. Nilijiambia nisimtie mama wa mtoto wasiwasi, nimletee jambo likiwa limekwisha. Nilijiona mwanamume anayebeba mzigo wake kimya. Kuna siku mtu anajiona hivyo na kumbe anachimba shimo.

Mwezi ukaandama. Tukarudi Mikindani.

Safari hii watu walikuwa wachache, maana habari ya mtu wa mamba ilikuwa imewachosha. Mussa alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu arudi. Somoe alikaa palepale pa mwanzo, nyuma, na mama yake. Alikuwa amekonda usoni. Nikasema moyoni, subiri kidogo tu.

Kadhi akamwita Mussa. Mussa akasema: mbele ya Mungu na mashahidi hawa, Mwanaamina ni mwanangu. Alisema kwa sauti nzuri, iliyotetemeka mwishoni, na nadhani hakukuwa na mtu aliyeisikia akadhani anadanganya.

Kadhi akanigeukia mimi. Aliniuliza kama bado nina dai.

Kabla sijajibu aliinua mkono. Alitaka nijue ninachokiacha. Akasema Mussa atakuwa walii wa binti huyu. Akikua, Mussa ndiye atakayemwozesha, na wajumbe wataelekea kwake, si kwako. Atamrithi Mussa, hatakurithi wewe. Akifika umri wa kuondoka mikononi mwa mama, Mussa ana haki ya kumchukua.

"Na wewe, Alawi, kwake utakuwa mume wa mama yake, kama utamwoa. Usipomwoa, si kitu kwake."

Jina tu, alikuwa ameniambia Mussa. Nilimtazama. Alikuwa anatazama ncha ya fimbo yake.

Ningeweza kusimama hapo nikasema hapana. Nimeipitia dakika ile mara nyingi baadaye, usiku na mchana. Lakini nilimwona Somoe nyumbani kwangu tena, na mtoto akikimbia uani, na nikaona yote mengine ni ya miaka mingi ijayo.

"Sina dai, Sheikh. Mtoto ni wa Mussa."

Nyuma yangu nikasikia Somoe akisema, "Alawi."

Tangu mtoto azaliwe hakuwa amewahi kuniita jina langu nikiwa naye. Siku zote aliniita Baba Mwanaamina. Sikugeuka. Nilifikiri nitamweleza baadaye, jioni hiyohiyo kama kadhi akiruhusu, na atanielewa.

Mussa akatimiza ahadi yake papo hapo, hakungoja aulizwe. Akasema: "Na mke wangu Somoe binti Abdallah nimemwacha, talaka moja."

Thabiti, aliyekaa pembeni yangu, akavuta pumzi. Nikamwuliza kwa kunong'ona kuna nini. Akasema hamna, moja ni sawa, moja inatosha. Lakini alikuwa ameanza kukunja uso.

Kadhi alionekana amefurahi. Shauri lililomsumbua lilikuwa limeisha bila ugomvi. Akamgeukia Somoe na kumwuliza lile swali analoulizwa kila mwanamke anayeachwa, kwa sababu bila jibu lake eda haihesabiki. Alimwuliza kama yu safi, au ana ujauzito.

Bi Fatuma alimshika Somoe mkono wa juu, pale karibu na bega, akamshika kwa nguvu kama anayemzuia mtu asidondoke.

Kadhi akarudia swali. Akamkumbusha kwamba jibu hili anamjibu Mungu, si yeye.

"Nina ujauzito, Sheikh."

Nilihesabu. Sasa ikawa zamu yangu ya kuchezesha midomo. Tangu Mussa arudi hata miezi miwili ilikuwa haijatimia. Kabla ya hapo Somoe alikuwa nyumbani kwangu, mke wangu, mlango wetu umefungwa. Nilijua ni wa nani kama ninavyojua mkono wangu.

Kadhi alimwuliza wa muda gani. Alisema miezi miwili, au imezidi, hakuwa na hakika mpaka juma lile. Akamwuliza mbona hakusema mapema.

"Nimwambie nani?" Somoe akasema. "Wamekaa wawili wakanigawa, mimi na mwanangu. Hata mmoja wao hakuniuliza. Wangeniuliza, ningewaambia."

Sauti yake haikupanda. Alikuwa ananitazama mimi, si Mussa.

Mussa alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa ameshatoa viatu vyake kwenye kile kirundo cha viatu na kuvaa kimoja. Akakivua. Akarudi, fimbo inagonga sakafu, mpaka mbele ya kadhi.

Akauliza kama talaka moja ina rejea, mume aweze kumrudisha mke.

Kadhi akasema ina rejea, maadamu eda haijaisha. Na eda ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue.

"Basi nimemrejea mke wangu," akasema Mussa. "Na mimba ni yangu."

Sikuelewa mara moja. Thabiti ndiye aliyeelewa, akaniwekea mkono gotini. Somoe aliuliza kama yeye hana neno katika hilo, na kadhi, macho yake chini, akamwambia kwamba rejea haingoji ridhaa ya mke. Mume akishatamka, imekuwa. Bi Fatuma akaanza kulia, kimyakimya, kilio cha mtu aliyechoka.

Ndipo kadhi akaniita mimi. Naamini alikuwa ameshaona kwamba kuna jambo chini ya jambo, maana aliniangalia kama fundi anavyoangalia ubao uliopinda.

"Alawi. Umesema hapa, sasa hivi, kwamba mtoto wa kwanza si wako. Ukisimama kudai huyu wa pili, utanieleza ni vipi kitanda kimekuwa chako kwa huyu na hakikuwa chako kwa yule. Na yule wa kwanza hatarudi kwako, nilikuonya. Ukinyamaza, wote wawili ni wa Mussa, na mama yao ni mke wake. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na neno moja tu ambalo lingetosha kumaliza kila kitu. Niseme gogo. Niseme kiuno. Niwaambie watu wale wote, na mama mkwe wa Mussa, na ndugu yake Mussa aliyesimama dirishani, kwamba mtu huyu anayekiri mimba hawezi kumpa mwanamke mimba.

Lakini nikilisema hilo ningevunja ahadi niliyompa mtu aliyekaa chini kwenye maranda yangu. Tena wataniuliza nimejuaje, na itabidi nieleze tulivyopatana, kwamba nilijua Mwanaamina ni damu yangu nikamkana mbele ya mashahidi ili nimpate mama yake. Siku mtoto huyu wa pili atakapoitwa binti Alawi au bin Alawi, dada yake ataitwa binti Mussa, na atakua akijua kwamba yeye ndiye niliyemtoa.

Nilimtazama Mussa. Nilitaka nione uso wa mshindi, nimchukie, nipate nguvu ya kusema. Sikuuona. Alikuwa amenikazia macho, na macho yale hayakuwa yakinitisha. Yalikuwa yakiniomba.

Mdomo wangu ulifunguka. Sijui hata sasa ungetoa nini.

Msikitini mwadhini akaanza.

Kadhi akainua kiganja, akasema adhuhuri imeingia, tukasali, tukirudi atanisikiliza mimi kwanza. Watu wakanyanyuka. Somoe alimpachika mtoto mgongoni, akapita karibu yangu na mama yake.

Nilichelewa kutawadha. Nilipoingia msikitini safu zilikuwa zimejaa na imamu ameshainua mikono. Palibaki nafasi moja, mwisho wa safu ya pili, karibu na mtu aliyekuwa akisali ameketi kwa sababu ya kiuno chake.

Mussa alinisikia nikikaribia. Akajisogeza, akavuta fimbo yake ndani, akanipa nafasi.

Hapakuwa na mahali pengine. Nikasimama ubavuni pake, nikafunga swala.